MJI WA KALE WA MOMBASA: UTALALA AU UTAAMKA?

Mgeni atokaye bara afikapo Mombasa kwa mara ya kwanza huonyeshwa na wenyeji wake mambo matatu: zile pembe kubwa zilizo juu ya Barabara ya Moi, kivuko cha Likoni, na Ngome ya Yesu isimamayo mbele ya bahari. Akiisha kuyaona hayo hununua halua, hupigwa picha, kisha hurudi kwao akisema, "Mombasa nimeiona." Kwa kweli hajaiona. Nyuma ya Ngome, hatua chache tu kwa mguu, waanza mji mwingine wenye njia nyembamba na roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu ya vichwa vya wapitao. Huo ndio Mji wa Kale, mama wa mitaa yote iliyozaliwa baadaye kisiwani.

Mimi nami nalikuwa mgeni wa namna hiyo. Nililetwa Mombasa na uhamisho wa kazi yangu ya ukarani, na kwa muda wa mwaka mzima nalipita kando ya mji ule bila kuingia ndani. Hata siku moja mkubwa wangu wa kazi alinipa barua nimpelekee mzee mmoja akaaye karibu na Ndia Kuu. Nilipotea mara tatu, maana pale hakuna njia inyokayo, na kila kona hufanana na mwenzake. Kupotea kule ndiko kulikonifungua macho, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mzee nilimkuta ameketi barazani pake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Ndoo, kaa kitako," kwa matamshi ya Kimvita. Akaifungua barua, akaisoma polepole, akaikunja. Ilikuwa barua ya kumwarifu kwamba dari ya nyumba yake ina hatari kwa wapita njia. Ama aitengeneze, ama ahame. Akaniambia, bila hasira, "Hii ni ya tatu." Kisha akaagiza kahawa kwa mwenye dele aliyekuwa akipita, akaanza kunieleza.

MJI ULIVYOKUWA

Yafaa msomaji ajue kwanza ya kuwa mji huu si wa jana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, aliufikia mwaka 1331, akaandika habari za ndizi na ndimu zake, na misikiti yake ya mbao iliyojengwa imara, na watu wake wacha Mungu. Vasco da Gama alipita mwezi wa Aprili 1498, na Wareno waliomfuata waliuteketeza mji mwaka 1505, wakaushambulia na kuuchoma tena mwaka 1528, na tena mwaka 1589. Kila mara wenyeji walirudi, wakajenga. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ili wasiondoke tena. Lakini Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, wakaitwaa. Basi huu ni mji uliozoea mashaka. Umeokoka moto na mizinga, na wala haukufa.

Uhai wake ulitokana na pepo mbili. Kaskazi ivumapo, tangu mwezi wa Desemba mpaka Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa Aprili, iliwarudisha mabaharia makwao. Katikati ya pepo hizo mbili, Bandari ya Kale ilijaa majahazi, mabumu, sambuki na makotia. Vilishuka tende, chumvi, papa mkavu, mitungi, mazulia na masanduku yenye misumari ya shaba. Zilipanda boriti za mikoko, samli, nafaka, na hapo zamani pembe za ndovu zilizobebwa na misafara kutoka bara.

Mzee wangu aliniambia kwamba alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, yeye na wenzake waliweza kuvuka kutoka chombo hata chombo bila kutia mguu majini. Forodhani kulikuwa na lugha nyingi kama sokoni: huyu Mshihiri, huyu Msuri, huyu Mwajemi, huyu Mhindi wa Kachi, na kati yao Mswahili aliyejua kusema na wote. Nahodha akishuka, alikuwa na mwenyeji wake mjini, aliyemlaza, akamwuzia mali yake, akamtafutia shehena ya kurudi nayo. Mwenyeji yule alimpa kazi hamali, hamali akanunua kwa mwenye duka, na mwenye duka akamlipa seremala. Hivyo tende moja ilishibisha watu wengi kabla ya kufika kinywani mwa mlaji.

Wala si biashara peke yake. Katika njia zizi hizi aliishi Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri aliyefariki mwaka 1840, ambaye maneno yake yaliingia vitani na barazani vile vile. Hapa aliishi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, mwanachuoni aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwahimiza watu wasome na kujirekebisha. Hapa wapo Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 16, na nyumba ya Leven iliyo juu ya bandari, yenye kukumbusha manowari ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824. Ndia Kuu yenyewe, ambayo kwa Kiswahili cha shuleni ni njia kuu, ilistahili jina lake. Asiyekuwa na duka au rafiki katika njia ile hakuhesabiwa kuwa mtu wa mjini.

Na tena kulikuwa na jambo moja la kuchekesha. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ilianza kulaza reli nyembamba ya kwenda bara, ikaishia maili chache tu. Reli hizo zilipong'olewa, zililazwa katika njia za mjini, na juu yake zikapita toroli zenye kiti na kitambaa cha kuzuia jua, zikisukumwa na watu. Wakubwa wa Serikali walikwenda kazini na karamuni kwa toroli, mpaka motokaa zilipozidi.

NEEMA ILIVYOONDOKA

Wengi hudhani kwamba Mji wa Kale uliharibika kwa uvivu wa wenyeji. Dhana hii si ya haki. Neema iliondoka kwa hatua, na hatua nyingi zilikatwa mahali pengine.

Hatua ya kwanza ni ya gari la moshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Mizigo iliyokwenda kwa vichwa vya wapagazi sasa ikaenda kwa mabehewa. Mwaka 1905 makao makuu ya Serikali yalihamia Nairobi, na makarani, mawakili na wafanya biashara wengi wakafuata. Mji uliokuwa kichwa ukawa mlango tu.

Hatua ya pili ni ya Kilindini. Bandari ya Kale ni nzuri kwa chombo cha tanga, lakini meli kubwa za mvuke zilihitaji maji yenye kina kirefu, gati ndefu na reli karibu na maji. Hayo yote yalipatikana upande wa pili wa kisiwa, na katika miaka ya 1920 gati za kina kirefu zikajengwa huko. Tangu siku hiyo pamba, kahawa na mashine za nchi nzima zilipita Kilindini. Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi.

Hatua ya tatu ilitoka ng'ambo. Mwaka 1946 Kuwait ilianza kuuza mafuta yake nchi za nje, na nchi nyingine za Ghuba zikafuata. Kijana wa Kiarabu ambaye baba yake alivuta kamba za tanga miezi minane kwa mwaka, sasa aliweza kupata mshahara karibu na kwao. Mabaharia wakapungua, kisha vyombo. Na vile vilivyobaki vikatiwa injini, visingoje tena kaskazi wala kusi. Nahodha asiyengoja upepo hana haja ya kukaa miezi mitatu mjini. Hupakua, hupakia, akaenda zake. Kwa hiyo hata chombo kilipokuja, hakikuleta tena mgeni wa kukaa.

Hatua ya nne ni ya sheria zilizotungwa kwa sababu njema. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na biashara ya vitu vitokanavyo na wanyama wa porini ikafuata mwaka 1978. Mwaka 1982 ikakatazwa kupeleka boriti za mikoko nchi za nje, ili misitu ya pwani isiangamie. Nani atasema kwamba ndovu na mikoko haistahili kulindwa? Lakini haki ni kusema pia kwamba nahodha aliyekosa boriti za kurudi nazo hakuona faida ya kuja.

Na hatua ya tano twaikanyaga kila siku. Mwaka 1931 daraja la kuelea liliunganisha kisiwa na Nyali, na mwaka 1980 daraja jipya likafunguliwa. Aliyepata uwezo aliona, mbona nikae katika nyumba isiyo na mahali pa gari, kwenye njia ambayo hata mkokoteni wapita kwa shida? Akajenga ng'ambo. Watoto wakafuata kazi Nairobi, Jeddah na London. Nyumba ikaachiwa mzee mmoja na wapangaji.

Baada ya hayo watalii ndio waliokuwa tegemeo. Lakini mtalii ni kama upepo usio na majira. Baada ya ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 alikimbia. Mwaka 2014 Serikali za ng'ambo zilipowaonya watu wao wasije, hakuja. Na ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, wenye maduka ya vinyago waliketi mlangoni wakitazamana.

ADUI ALIYE NDANI YA NYUMBA

Sasa nataka kumweleza msomaji jinsi nyumba ya Mji wa Kale inavyokufa, maana nimejifunza jambo hili kwa kulitazama kwa macho yangu.

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi; hunywa maji, na lisipopata mahali pa kuyatoa huoza taratibu. Chokaa huliacha jiwe lipumue. Lakini mtu akiona ufa huita fundi wa bei rahisi, naye hupaka simiti. Simiti hungʼaa kwa mwaka mmoja. Ndani, unyevu na chumvi vimefungiwa kama mwizi chumbani, vyatafuta pa kutokea, na mwisho hubandua ukuta wote. Basi dawa ile imekuwa sumu.

Juu, mambo ni mabaya zaidi. Bati moja likitoboka, maji ya masika hushuka juu ya kichwa cha boriti pale iingiapo ukutani. Boriti huozea ndani, mahali pasipoonekana, na siku yaanguka, dari huivuta dari iliyo chini yake. Mtu aliyeshindwa kununua bati moja hupoteza nyumba ya ghorofa tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji wa Kale huo ukuta wenyewe haujengwi tena, maana fundi aujuaye amekwisha kuzeeka.

Je, mbona mzee wangu hakununua bati? Hili ndilo swali nililomwuliza, kwa adabu. Akaingia ndani, akatoa sanduku la bati, akanionyesha hati ya nyumba. Ilikuwa kwa jina la babu yake. Babu alifariki, urithi haukugawanywa. Baba akafariki, haukugawanywa. Na sasa warithi ni 17. Wengine wapo Mombasa, wengine Lamu na Unguja, wengine ng'ambo, na wawili hajapata kuwaona uso kwa uso. "Nikitia bati kwa pesa zangu," alisema, "mmoja atasema nataka kuinyang'anya. Nisipotia, yaniangukia mimi."

Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi. Niliposhika hati ile niliona mara moja kwamba adui mkubwa wa nyumba ile si mvua. Nyumba isiyo na mwenye jina hai haipati mkopo, wala kibali cha kutengenezwa hakiombwi kwa urahisi, wala hakuna athubutuye kuigharimia. Adui huyu yumo katika nyumba nyingi za mji ule. Kisha huja mnunuzi mwenye pesa taslimu, akawaambia warithi, kila mmoja kwa siri, "Niuzie fungu lako." Akiisha kuyapata mafungu mengi, nyumba ya roshani hubomolewa, na mahali pake husimama jengo refu la matofali ya simiti lisilopitisha upepo, likiwatazama majirani kwa juu mpaka ndani ya nyua zao. Mnunuzi wa namna hiyo alikwisha kufika kwa mzee wangu mara mbili.

DALILI ZA UHAI

Lakini isidhaniwe kwamba yote ni kilio. Zipo dalili njema, na yafaa zisemwe.

Tazama Ngome yenyewe. Tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa, ikafanywa kumbukumbu ya taifa, ikachimbuliwa na kutengenezwa chini ya Bwana James Kirkman, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo sasa waweza kuona vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Mwaka 2011 shirika la UNESCO likaitia Ngome katika orodha ya urithi wa dunia. Na mawimbi yalipoanza kula msingi wake, ukuta wa bahari ulijengwa katika miaka hii ya karibuni ili kuukinga. Twajifunza nini? Kwamba jengo kuukuu likipewa kazi mpya halifi. Nyumba ya Leven nayo ilikuwa karibu kuwa gofu, ikatengenezwa, ikasimama tena.

Mji wenyewe pia haukusahauliwa. Mwaka 1990 ulitangazwa katika gazeti la Serikali kuwa eneo la kuhifadhiwa, na atakaye kubomoa au kujenga humo hapana budi apate idhini kwanza. Kuna ofisi ya Makumbusho ya Taifa iangaliayo kazi hiyo. Sheria ni nzuri; lakini sheria humkataza mtu asibomoe, haimpi bati. Ndiyo maana nyumba nyingine haikubomolewa na mtu, ila iliachwa ibomoke yenyewe, kisha mwenyewe akaja kuomba kibali cha kujenga jipya.

Dalili iliyonifurahisha zaidi sikuisoma katika karatasi. Niliiona magharibi moja nilipokuwa nikirudi. Mwanamke alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni. Kijana seremala alichonga nakshi katika kizingiti cha mlango, na mbele yake watoto wawili wakimtazama mkono. Bandari ya Kale chombo kimoja cha injini kilikuwa kikipakia mizigo ya pwani ya kaskazini. Na watu walikuwa wakienda msikitini. Mji ambao watu wake wanakula, wanafanya kazi na kusali ndani yake si mji wa maiti. Ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

ONYO KUTOKA UNGUJA

Wenzetu wa Unguja wametuonya kwa msiba wao. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na fahari yake ilikuwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa katika kutengenezwa, sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha yao.

Ikiwa jumba mashuhuri namna ile, lenye kutazamwa na dunia nzima, laweza kuanguka mchana kwa sababu matengenezo yalichelewa, itakuwaje nyumba ya mzee mmoja wa Ndia Kuu isiyojulikana na mtu ila jirani zake na karani aliyepotea njia?

Twende pia Lamu, tupate faraja. Mji wa Lamu ulitiwa katika orodha hiyo mwaka 2001, na nguvu yake haiko katika kuta peke yake. Mafundi wa chokaa, wa nakshi na wa majahazi wapo bado, nao hurithisha kazi yao. Ukuta waweza kuharibika na kujengwa tena, maadam mkono uujuao upo.

YATUPASAYO

Mimi si mkubwa wa kutoa amri, lakini maoni yangu ni haya.

Kwanza, wenye nyumba wasiogope kugawa urithi. Kwenda kwa Kadhi na kuandikisha mafungu si ugomvi. Ugomvi huletwa na kuchelewa. Jamaa wanaweza kugawana haki zao katika karatasi na bado nyumba ikabaki moja. Warithi walio mbali wakumbuke kwamba kunyamaza kwao ni sawa na kuondoa boriti.

Pili, Serikali ya Taifa na ile ya Kaunti, iliyopewa madaraka tangu mwaka 2013, zisiishie katika kukataza. Mwenye nyumba aliyeambiwa asitumie mabati ya rangi fulani wala simiti, na asaidiwe kupata chokaa, boriti na fundi kwa bei aiwezayo. Barua ya tatu ya onyo haizuii mvua. Nasema haya nikijua ni mimi niliyeipeleka.

Tatu, vijana wafundishwe kazi za mikono za mji huu kwa heshima, wala zisionekane kuwa kazi za aliyeshindwa na shule. Mkono uchongao mlango wa Kimvita waweza kulisha watu wanane.

Nne, wale wapendao kuutengeneza mji waangalie wasiwafukuze watu wake. Iko miji ng'ambo iliyopakwa rangi nzuri, ikajaa mahoteli, na jioni watalii wakiisha kulala hakuna sauti ya mtoto njiani. Huo si uhai. Mji wa Kale ukibaki na nyumba na kukosa mwenye dele ya kahawa, tutakuwa tumehifadhi ganda na kutupa nazi.

Sasa nirudi kwa mzee. Baada ya siku ile nilikwenda kwake jioni nyingi. Yeye alisema, mimi nikaandika, na barua kumi na sita zikapelekwa, nyingine kwa posta na nyingine kwa simu za mkononi za wajukuu. Wengine walijibu kwa furaha, wengine kwa hasira ya miaka arobaini, na mmoja hakujibu mpaka leo. Lakini wengi walikubali. Waliokuwa na pesa walitoa. Wasiokuwa nazo walitoa idhini, na idhini ile ilikuwa na thamani kama bati. Mnunuzi alipokuja mara ya tatu, alipewa kahawa, akaambiwa hapana fungu la kuuzwa.

Masika yalipofika, boriti sita mpya zilikuwa juu, na mabati yalikuwa yamekwisha kupigiliwa. Siku ya mvua kubwa ya kwanza nilipita pale nikiwa nimelowa. Mzee alikuwa ndani safari hii, mlango wazi, akisikiliza mvua juu ya dari yake. Hakusema neno kubwa. Alisema, "Ndoo ndani, mwanangu. Leo hapavui."

Ukuta wa upande wa kaskazini bado una ufa, na kazi yake ni ya mwaka ujao. Nyumba za namna ile zilizo katika hali mbaya kuliko ile ni nyingi, na wazee wake hawana makarani waliopotea njia. Basi msomaji mwenye fungu katika nyumba ya kale, popote ulipo, bara au ng'ambo: ndugu yako aliyebaki chini ya dari ile anangoja jawabu lako. Mwandikie wiki hii.